Soko la Jumanne la Kingslini

Picha ile niliitambua papo hapo. Binti yangu alikuwa amefungua kitabu cha shule juu ya meza ya kulia, hapa nyumbani kwangu Muaither, pembeni mwa Doha, nami napita zangu na kikombe cha chai ya karak mkononi. Jicho likanasa. Jumba la mawe, kijinara juu ya paa, limesimama peke yake ukingoni mwa maji kama mtu aliyefika harusini mapema akakuta wenyeji bado wanaoga. Mimi huyu, ambaye benki ikinitumia karatasi namwita karani anisomee, nikalitaja jumba lile kabla mtoto hajatamka lolote.

"Nyumba ya ushuru ya Kingslini," nikasema.

Awino akainua uso. "Baba! Umewahi kufika?"

"Sijafika. Lakini mji huo ndio ulionitoa shuleni."

Wenyewe huandika King's Lynn. Sisi tulisema Kingslini na sioni kwa nini nibadilishe leo. Nilikaa pale mezani na chai ikapoa, na hasira niliyodhani nimeizika nyumbani pamoja na watu wangu ikaamka, ikajinyoosha, ikaniuliza habari za siku nyingi.

Kwanza mnijue, ili msidhani anayelalamika ni mtu aliyeshindwa. Mabasi yenye jina langu ubavuni ndiyo yanayowapeleka watu kazini Lusail kila alfajiri. Nilikuja Doha na begi la kamba, nikalinda malango ya watu, nikaendesha gari la mtu, halafu la kukodi, halafu langu, halafu nikaacha kuendesha nikawa natoa funguo. Wenye digrii huja ofisini kwangu na kuniita bosi, na wakikaa nawaambia wasogeze kiti. Cheti hata cha shule ya msingi sina. Sisemi haya kwa majivuno, ingawa nikijivuna nina haki.

Mji nilikozaliwa kila mtu aliuita Gati, kwa sababu ya gati lililokuwa pale, upande wetu wa ziwa nyumbani Kenya. Lilikuwa la mbao nene juu ya reli za zamani zilizochimbiwa majini. Ukitembea juu yake jua likiwaka, lami iliyopakwa kwenye mbao ilishika nyayo ikakuachia shingo upande. Nyuma yake ghala la mabati, na nyuma ya ghala uwanja wa soko. Rika langu mliokulia ziwani mnaijua harufu hiyo: mtama ulioloweshwa kidogo na maji ya meli, dagaa, mafuta ya mashine, na magunia. Nikilala vibaya hata leo naisikia, na kiyoyozi kinanguruma.

Meli ilikuja na kulala kwetu Jumatatu na Ijumaa. Ndiyo maana soko letu likawa Jumanne na Jumamosi. Mama yangu aliuza mtama na ulezi. Alinunua kwa magunia kutoka melini na kuuza kwa gorogoro, lile debe dogo la kupimia, na alikuwa na namna yake ya kulijaza: anachota, analitingisha mara moja tu, halafu kilele anakiacha. Wengine walifuta kilele kwa kiganja. Mama alisema kilele ni cha mtoto wa mnunuzi. Kwa kilele hicho watu walitoka milimani wakapita wauzaji wengine ili wafike kwake.

Sasa lipo jambo ambalo nisipolieleza hamtaelewa. Kwetu siku ya soko haikuwa siku tu, ilikuwa mali. Soko la mlimani lilikuwa na siku yake, la njia panda siku yake, la ng'ambo siku yake, ili muuzaji aweze kuzunguka na mnunuzi asigawanyike. Mtu hakuamka tu akafungua soko siku ya wenzake. Kama alitaka, alikuja, akakaa chini na wanawake wa soko, akaeleza, akasikilizwa. Niliwahi kuona watu wa mlimani wakijaribu kuiba Jumamosi yetu. Wanawake wa Gati walipanda huko na jogoo mkononi, wakarudi jioni wakiimba, na Jumamosi yetu mikononi. Ulikwenda na kitu siku zote. Kuulizia siku mikono mitupu ilikuwa ni kutafuta ugomvi.

Haya. Darasa la tano tulifundishwa na Mwalimu Zakayo. Alivaa tai hata siku za joto na aliongea Kiingereza na mbwa wake. Vitabu vya serikali vilikuwepo, vya kugawana, lakini yeye alipenda kitabu kimoja kikubwa kilichoachwa na wamisionari, na kila adhuhuri tulipokuwa tumelegea kwa njaa alikifungua na kutusomea habari za Kingslini. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nikiamka. Wengine walisinzia, mimi niliamka! Kwa sababu mwalimu alikuwa anasoma habari za kwetu.

Sikilizeni wenyewe. Mji uko kando ya maji, mahali mto unapokaribia kuingia baharini, na bahari yenyewe imeingia nchi kavu kama kwapa, vile vile ghuba yetu ilivyoingia. Una gati. Una ghala. Nafaka inashushwa pale na kupakiwa pale, na wafanyabiashara wa ng'ambo wanavuka maji na mbao na ngozi, wanarudi na sufu na chumvi. Zamani ulikuwa mji wa askofu, mfalme akautaka, akauchukua, akaupa jina lake mwenyewe. Hata hilo tulilijua, kwetu pia chifu alikuwa amechukua kisima cha kanisa. Halafu mwalimu akasoma kwamba mji huo una viwanja viwili vya soko, na kimoja kinaitwa cha Jumanne na kingine cha Jumamosi.

Jumanne na Jumamosi. Nikakaa wima kama niliyechomwa sindano.

Mtoto anajua nini? Meli yetu ilipoondoka ilikwenda ikawa ndogo, ikawa nukta, ikaisha. Ilikokwenda hakuna aliyewahi kuniambia kwa majina yote. Nilijua vituo viwili vya mbele, baada ya hapo palikuwa na maji tu. Basi Kingslini nikaiweka hapo, baada ya kituo cha pili. Nikaona hata mabaharia wetu wakishusha magunia mbele ya lile jumba la kijinara, na mama mmoja wa huko, mnene, akitingisha gorogoro lake. Nilijiuliza tu kama anaacha kilele.

Jioni nikampelekea mama habari. Alikuwa anapepeta ulezi. Nilipofika kwenye siku, ungo ukasimama hewani.

"Jumanne na Jumamosi? Zote mbili?"

"Zote mbili, mama. Imeandikwa."

"Wana gati?"

"Wana gati. Na nafaka."

Akaweka ungo chini. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana magunia yanakuja nusu."

Maana msimu ule meli ilikuwa imeanza kuja nyepesi. Hatukujua sababu. Wengine walisema ukame, wengine walisema uchawi, na mama alikuwa na watoto watano na mume aliyelala kaburini. Sasa amepata sababu yenye jina. Kulikuwa na mji mbele kidogo uliokuwa unafanya soko siku zetu na kutunyang'anya mzigo njiani.

Akaenda kwa rafiki yake Mama Pili. Huyu alikuwa wa zile nyumba za Waislamu wa zamani karibu na ghala, muuza viungo na mikeka, mdomo wake umechongoka kama sindano ya kushonea magunia.

"Kingslini?" akasema Mama Pili. "Mie nimezaliwa hapa gatini, sijasikia Kingslini. Itakuwa wamefungua juzi, washenzi hao."

"Mtoto anasema imo kitabuni."

"Basi mwenye kitabu anawajua. Twende kwa mwalimu. Shika kuku, mie nabeba maneno."

Walikuja siku iliyofuata, tukiwa darasani. Nilimwona mama mlangoni amevaa leso yake ya kanisani, kuku mweupe kwapani, miguu imefungwa vizuri kwa uzi. Moyo wangu ulijaa. Nilidhani wenzangu wote watajua leo kwamba mimi ndiye niliyegundua jambo hili. Akavua viatu mlangoni. Akampa mwalimu kuku kwa mikono miwili, na mwalimu akampokea.

"Mwalimu, tumekuja kwa heshima," mama akaanza. Sauti yake ya sokoni alikuwa ameiacha nyumbani. "Tumesikia kuna watu wanafanya soko Jumanne na Jumamosi. Hatuna ugomvi nao. Tunaomba kujua mkubwa wao ni nani, tukae naye, tuone kama wanaweza kutuachia hata siku moja."

"Soko gani, mama?"

"La Kingslini."

Kwanza mwalimu hakuelewa. Halafu akaelewa, na mimi niliuona uso wake ukielewa. Alianza kucheka polepole, kama gari linalowashwa asubuhi ya baridi, halafu likashika. Alicheka mpaka akashika meza. Akatugeukia na kuku wake mkononi.

"Darasa! Mmesikia? Huyu mama anataka kwenda Uingereza kugombea soko na gorogoro lake! Mama Kingslini, utapanda mtumbwi gani?"

Na watoto wakacheka, kwa sababu mwalimu akicheka mwanafunzi atafanya nini? Madirisha yakacheka. Mama alisimama pale peku. Hakujua kinachochekwa, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alitabasamu kidogo ili awe pamoja nao, akisubiri aelezwe. Hakuelezwa. Mama Pili ndiye aliyemshika mkono.

"Twende zetu, Mama Ochieng. Hapa pana mwendawazimu na bado hawajamfunga."

Nilitoka mbio nikawafuata bila ruhusa. Walipofika nyuma ya kanisa, Mama Pili akashindwa kujizuia.

"Kijana amelipwa kuku ili atucheke? Bora angetuchekea bure!"

Mama alikuwa anafunga leso upya, anafungua, anafunga. Akaniuliza mimi, "Hiyo Kingslini, ni mbali?"

"Sijui, mama."

"Angesema tu ni mbali," akasema. "Neno moja. Mbali. Ningeelewa."

Na huo ndio ubishi wangu na Mwalimu Zakayo hadi kesho kutwa. Si kwamba mama hakukosea. Alikosea! Lakini mtu amevua viatu mlangoni kwako, amekuletea kuku, anaogopa watoto wake watalala njaa, anakuuliza swali. Wewe umesoma. Kazi uliyoajiriwa ni hiyo hiyo, watu waulize ujibu. Ukamcheka, ukamwacha aende bila jibu, na kuku ukabaki naye. Akamla! Harufu ya mchuzi ilitoka nyumba za walimu jioni ile, tukaisikia sote.

Kesho yake aliniita mbele. Kulikuwa na ramani kubwa ukutani, imechanika pembeni. Akaniambia nionyeshe Kingslini. Nikaikosa, akaweka fimbo mahali pake, mbali, juu, mbali sana na kila kitu. Hapo ndipo nilipopata jibu la mama, kwa kuchelewa kwa siku moja na kwa fimbo.

"Sasa tuonyeshe hiyo Gati yenu inayoshindana nayo."

Nikatafuta. Ziwa lilikuwepo, bluu, ukubwa wa shuka la mtoto. Gati haikuwepo. Wala gati, wala ghala, wala mlima. "Haipo," nikasema.

"Basi kama haipo, haipo. Kaa chini, Kingslini."

Sikukaa chini. Nilipita kwenye mlango nikaenda gatini, nikambembeleza msimamizi wa makuli anipe mizigo myepesi ya kubeba, na darasani sikurudi tena. Mama alinichapa, akanibembeleza, akanichapa tena, halafu siku moja akaacha. Jina lilibaki naye. Mama Kingslini. Watoto walimwita hivyo njiani, mabaharia wakajifunza kwa watoto, wanunuzi wakajifunza kwa mabaharia. Aliitika. Alitingisha gorogoro lake mara moja, akaacha kilele, akaitika. Lakini kitu kimoja alikiacha: tangu siku ile hakuuliza tena swali mbele ya mtu aliyevaa tai. Hospitalini, kwa chifu, kwa mtu wa ushuru, alikubali tu chochote alichoambiwa.

Gati nayo ikafa. Meli ilikuja nyepesi, halafu ikaja wiki moja ikaruka nyingine, halafu haikuja. Magugumaji yakaingia ghubani yakafunga mbao zote, ungedhani ni shamba la kijani, mbuzi mmoja akadhani hivyo akazama. Barabara ya lami ikapita juu kule, soko likahamia huko. Hakuna aliyekuja kuuliza kulikuwa na nini. Na huku, binti yangu amenisomea kitabuni, mto wa Kingslini zamani ulibadilishwa njia, na maji yalipohama na biashara ikahama, na wasomi wameandika yote, nani alipata bandari na nani aliachiwa matope. Maji yakihama kwao, ni historia. Yakifunga kwetu, ni shauri yetu.

Hata hapa nilipo wenyewe wanajua kutunza ya kwao. Ijumaa mimi huwapeleka watoto wangu Al Wakrah, ufukweni, kwenye soko lao la zamani karibu na bandari. Walilijenga upya ukuta kwa ukuta, na nimemwona mzee mmoja wa Kiqatari akimwonyesha mjukuu wake kwa fimbo, hapa palikuwa pa fulani, hapa pa fulani. Mtoto alikuwa anakula aiskrimu, hakujali. Lakini ameonyeshwa.

Mama alifariki mimi nikiwa bado mlinzi, na waajiri walioshika pasipoti yangu hawakuona sababu ya kuniachia niende mazishini. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu nilisimama kwenye kivuli cha lango, jua linauma, naye akanisalimia, akauliza afya, akauliza chakula, halafu akashusha sauti.

"Mwanangu. Huko Doha soko lao ni siku gani?"

Kwangu mimi aliweza kuuliza. Nikamjibu vizuri, polepole, kama mtu anayemjibu mkubwa.

"Kila siku, mama. Ila Ijumaa wanafunga mpaka wakitoka msikitini. Na ni mbali, mama. Ni mbali sana, ng'ambo ya bahari."

"Aa," akasema, na nilisikia amefurahi. "Basi hatugongani."

Yote haya nilimsimulia Awino juzi pale mezani. Jina hilo ni la mama, nilimpa mimi. Na nilipofika kwenye kuku na viatu mlangoni, je, hakucheka? Alicheka hadi akaweka kalamu chini. Nikapiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka. Mke wangu, ambaye ni nesi na alikuwa ametoka zamu, akasema kutoka jikoni, "Baba Awino, usimgombeze mtoto wa leo kwa sababu ya kuku wa zamani."

Mtoto akanitazama. "Sasa mwalimu alimfanya nini yule kuku?"

"Akamla."

"Na swali hakulijibu?"

"Hakulijibu."

Kicheko kikaisha usoni pake, nikakiona kikiisha. "Lakini hiyo ni tabia mbaya, Baba," akasema. "Hata kama ni mwalimu."

Basi kazi aliyopewa shuleni ni hii: Alhamisi aeleze Kingslini mbele ya darasa na wazazi, kisha ailinganishe na bandari nyingine anayoijua. Alikuwa amechagua Al Wakrah. Akafuta. Akachukua simu kutafuta Gati. Akaandika jina, akatafuta, akakuza ramani, akakuza tena, ikawa kijani na bluu.

"Haipo, Baba."

Nilimwambia alete karatasi, ile kubwa. Mimi sijashika penseli ya kuchorea tangu darasa la tano na vidole vyangu ni vya usukani. Nilichora gati. Nilichora ghala, meli, nyumba ya Mama Pili, njia ya mlimani. Likatoka kama lilivyotoka, meli inafanana na kiatu. Awino hakucheka. Akaniuliza, "Bibi alikaa wapi?" Nikaweka nukta, kona ya ghala, upande wa kivuli. Akaichukua kalamu yake nyekundu, akachora gorogoro juu ya nukta, na juu ya gorogoro kilele. Kisha chini akaandika: Jumanne, Jumamosi.

"Na wakinicheka?" akauliza.

Mwalimu wake ni binti mpole kutoka huko huko Uingereza, sina neno naye, bado. Lakini madereva wangu nimeshawaambia: Alhamisi asubuhi bosi hayupo. Nitafika mapema, nitavaa suti yangu ya kijivu, na nitakaa mstari wa mbele kabisa, katikati, hata kama viti ni vya watoto. Anayetaka kucheka atacheka akinitazama usoni. Na safari hii siendi na kuku.